Askari Wenye Daftari: Maneno kwa Kamati za Parokia, Kisesa





Sisi ni askari polisi tunaosomea shahada ya uzamivu huku tukiwa kazini, na tunachokitafiti ni kazi yetu wenyewe: usimamizi wa sheria vijijini. Wengi huuliza muda tunaupata wapi. Tunaupata usiku na wakati wa likizo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinawajali watu wenye ajira. Uhamisho nao husumbua. Lakini shida kubwa ni sare.

Huku Usukumani sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na polisi wakawa mbali. Sheria ya mwaka 1989 ikawapa uwezo wa kukamata. Mtanzania Sufian Bukurura aliandika tasnifu juu yao huko Cambridge miaka ya 1990. Sisi tunafuata nyuma yake, ila tunakuja na vyeo begani. Mzee wa sungusungu akiulizwa na askari kama mtuhumiwa alipigwa kabla ya kufikishwa kituoni, atajibu nini? Atasema hapana, na kutukaribisha uji.

Akisema kweli, ni tatizo jingine. Kwa Sheria ya Ushahidi, mtu akikiri kosa kwa hiari mbele ya askari mwenye cheo cha koplo au zaidi, maneno yake yanaweza kupokelewa mahakamani. Basi hatuwezi kumwahidi siri kama watafiti wengine. Kabla ya swali la kwanza tunamwambia: usitutajie jina wala tukio ambalo halijafika mahakamani. Tunakosa habari nyingi kwa njia hiyo, na tunaona ni haki.

Jambo moja halibaki daftarini. Tukisikia bibi kizee anatishiwa kwa kuitwa mchawi, eti kwa macho mekundu aliyoyapata kwa moshi wa jikoni, mahojiano yanasimama na taarifa inakwenda kituoni siku hiyohiyo. Kanda hii imezika bibi wengi mno.

Tunaomba vyumba vya parokia, maana kituoni hakuna atakayezungumza. Katekista atufungulie mlango, kisha atuache. Msituchagulie watu. Wafadhili nao, tafadhali, wasilipe posho kwa wanaohojiwa.

Tutaanza na vitongoji vilivyo mbali na barabara ya Musoma.