Huria Si Bure

Wiki hii nataka tulitazame swali ambalo vijana wetu wa Buswelu, na wa Ilemela kwa jumla, wana kila haki ya kuliuliza. Je, kijana asiye na kompyuta anaweza kujifunza kuandika programu za kompyuta? Jibu langu ni ndiyo, anaweza. Tena chombo cha kuanzia huenda kimo ndani ya shule iliyo jirani naye.

Mwezi Agosti mwaka 2022 nchi yetu ilifanya Sensa ya Watu na Makazi. Makarani walipita nyumba kwa nyumba, na badala ya makaratasi walibeba vishikwambi. Kazi ile ilipokwisha, Serikali iliamua kwamba vifaa hivyo visikae stoo, bali vigawiwe walimu wa shule za umma, na ugawaji ukaanza mwishoni mwa mwaka huohuo. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Swali linalobaki ni letu sisi wananchi: kishikwambi kikishafika shuleni, kinafanya kazi gani? Kama ni kupokea barua pepe na kupiga picha za mahafali tu, basi tumemnunulia ng'ombe majani na maziwa hatukamui.

Kishikwambi, msikilizaji, ni kompyuta kamili. Vingi kati ya hivi tunavyoviona vinaendeshwa na Android, na ndani ya Android kuna kiini kiitwacho Linux, ambacho Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland, alianza kukiandika mwaka 1991. Ipo programu iitwayo Termux. Ukiiweka kwenye kishikwambi, kioo kinakuwa cheusi, na hapo unaweza kuandika programu kwa lugha za Python au C na kuziendesha papo hapo. Ukishapakua unavyovihitaji, unaendelea hata bando likikatika. Kwa watoto wadogo ipo Scratch ya Chuo cha MIT cha Marekani, ambayo mtoto hupanga vipande vya maagizo mithili ya matofali, na maandishi yake yanaweza kuwekwa kwa Kiswahili.

Programu hizi ninazozitaja zote ni za jamii inayoitwa programu huria. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana lugha yetu ina bahati. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kutengeneza programu ambazo kila mtu angekuwa na uhuru nazo, na tangu siku hiyo amekuwa akilazimika kufafanua maneno yake. Sababu ni kwamba Kiingereza kina neno moja tu kwa mambo mawili, kitu kisicholipiwa na kitu kisichofungwa minyororo. Sisi tunayo maneno mawili, bure na huria, na kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba hayafanani. Mgeni anaweza kukupa chakula bure huku amekufungia mlango. Programu nyingi tulizo nazo katika simu zetu ni za namna hiyo: hatuzilipii, lakini haturuhusiwi kujua zinafanya nini.

Programu huria inakupa ruhusa nne. Unaitumia kwa kazi yoyote. Unaifungua, unaona ilivyoandikwa na kuibadili. Unampa mwenzako nakala. Na ukiiboresha, unaweza kuugawa uboreshaji wako. Ruhusa hizo zimeandikwa katika leseni, yaani ni haki kisheria.

Ili jambo hili lieleweke, hebu tuingie ziwani. Wazee wa Kayenze na Igombe wanaukumbuka vizuri wakati wa karabai. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, taa zile zilitapakaa juu ya maji kama mji, zikiita dagaa. Karabai ilipogoma, mvuvi hakuipeleka mbali. Aliifungua palepale, akasafisha tundu la mafuta, akapampu upya, kazi ikaendelea. Kijana aliyekaa naye mtumbwini aliona na kujifunza. Leo taa za umemejua na betri zimechukua nafasi ya karabai, nazo zina faida zake, kwani hazili mafuta. Lakini nyingi zimegandishwa kwa gundi na plastiki. Ikifa imekufa, na kijana hajifunzi lolote zaidi ya kwenda dukani kununua nyingine. Taa inayofunguka humfunza mtu ufundi, na isiyofunguka humfanya mteja tu.

Sasa nakuletea mfano wa taa nyingine, ambayo wengine mtaiona ni mchezo. Zipo kibodi za kompyuta ambazo chini ya kila kitufe zina taa ndogo. Vijana wanaocheza michezo ya kompyuta wanazipenda sana. Mara nyingi mtengenezaji hutoa programu yake ya kupanga rangi za taa hizo, na mara nyingi programu hiyo inafanya kazi katika kompyuta za Windows peke yake. Mwenye mtambo wa namna nyingine ananyimwa. Na siku kampuni ikiamua kwamba kibodi hiyo imezeeka, wewe uliyeilipia huna la kusema.

Watu hawakukubali. Ipo programu huria iitwayo OpenRGB, ambayo inaongoza taa za kibodi na vifaa vya kampuni nyingi tofauti, bila kujali jina lililo juu ya boksi. Ipo nyingine iitwayo QMK, ambayo inaingia ndani kabisa ya kibodi, katika kompyuta ndogo iliyomo humo, na kumpa mwenye mali uwezo wa kuamua kila kitufe kifanye nini na kiwake vipi. Zote mbili zimeandikwa na watu wengi waliotawanyika duniani, na maandishi yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma.

Utaniuliza, ndugu mtangazaji, taa za kibodi zinamsaidia nini mtoto wa Buswelu? Zinamsaidia hesabu. Kila taa ina rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila rangi inapewa namba kuanzia 0 hadi 255. Hivyo kila rangi ina ngazi 256, na ukizidisha 256 mara tatu kwa zenyewe unapata rangi zaidi ya milioni 16. Mtoto aliyezoea kuchanganya rangi za maji atashangaa kuona kwamba nyekundu na kijani vikiwaka pamoja vinatoa njano. Mwambie apange bendera yetu ya Taifa katika vitufe. Kijani ataipata, njano ataipata, buluu ataipata. Nyeusi je? Atagundua mwenyewe kwamba nyeusi ni 0, 0, 0, yaani taa iliyozimwa. Somo la fizikia hilo, na amelipata kwa kucheza. Naye mwalimu wa upigaji chapa anaweza kuwasha vitufe vya a, e, i, o, u peke yake, mwanafunzi akajua vidole viende wapi hata chumba kikiwa na giza.

Msimbo wa kazi hiyo unaandikwa katika kishikwambi, kisha kompyuta moja ya shule, hata iliyotumika, inatosha kuupeleka kwenye kibodi. Na shule isiyo na kibodi ya namna hiyo isihuzunike. Mtoto aandike programu inayopaka rangi kioo cha kishikwambi chenyewe. Akili inayotumika ni ileile.

Isidhaniwe kwamba haya ni ya nchi za mbali. Katika mkoa wa Tanga, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, vijiji 170 vilifanyiwa jaribio kubwa. Watoto wapatao elfu tatu, wengi wao hawajawahi kuingia darasani, walipewa vishikwambi vyenye programu za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na mitambo ya jua ya kuvichaji. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali yetu walishiriki. Mwanzoni zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei mwaka 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Lakini kwangu mimi zawadi kubwa ilikuwa sharti la mashindano: programu za washindani wote watano wa mwisho zilitolewa wazi. Maana yake mwalimu wa Ilemela anayejua kazi anaweza kuichukua programu iliyojaribiwa Tanga na kuiongezea picha za sangara, mitumbwi na miamba yetu.

Hata kabla ya hapo, mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Hawakumpigia magoti tajiri yeyote awaruhusu kutafsiri. Ruhusa ilikuwa tayari ndani ya leseni.

Aidha, tusidanganyane. Huria si bure. Kupakua kunataka bando, kuchaji kunataka umeme, na kufundisha kunataka saa za mwalimu ambaye tayari ana daftari mia za kusahihisha. Wala uwazi peke yake si kinga. Mwaka 2014 kasoro kubwa iligunduliwa katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri katika mtandao. Maandishi yake yalikuwa wazi, lakini kwa miaka miwili hakuna aliyeiona kasoro na kuitangaza. Mlango wazi hauna maana kama hakuna anayeingia kukagua. Na vishikwambi vya walimu ni mali ya umma. Mtu asiviwekee programu kiholela bila idhini ya wakuu wake.

Ndiyo maana nasema suala hili lisiachwe kwa mwalimu mmoja mmoja. Manispaa ya Ilemela, ambayo ofisi zake ziko hapahapa Buswelu, inaweza kutoa mwongozo mfupi unaotaja programu huria zinazoruhusiwa. Kishikwambi kimoja kilichokwisha kupakua kinaweza kuvigawia vingine, na kwa programu huria huko si kuiba. Tunayo DIT kampasi ya Mwanza, tunayo VETA. Wanafunzi wao wakija saa moja kwa juma kukaa na klabu ya shule, watoto wetu watapata mwalimu, nao watapata mahali pa kufanyia mazoezi. Wazazi nao waulize katika mikutano ya shule, kwa adabu: vishikwambi vyetu vinafanya nini?

Kompyuta zimekwisha kuja kwetu, na hazirudi zilikotoka. Lililobaki ni kuchagua tuwe na kizazi kinachobonyeza vitufe vilivyopangwa na wengine, ama kizazi kinachojua kitufe kinawaka kwa sababu gani. Cha pili kinahitaji vifaa vinavyofunguka, na watu wazima wasioogopa mtoto akivifungua.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo juma hili. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Kwaheri.