Rangi Nyekundu Inapoanza Kufifia

Miongoni mwa dawa anazomeza mgonjwa wa kifua kikuu katika miezi 2 ya mwanzo imo ethambutoli. Inaokoa maisha, na mtu asiiache kwa hofu. Lakini kwa wachache huidhuru neva inayounganisha jicho na ubongo, hasa dozi ikiwa kubwa, matumizi yakiwa marefu au figo zikiwa dhaifu.

Mara nyingi dalili ya awali si giza, ndugu msikilizaji, bali ni rangi. Nyekundu inapauka, kijani kinaanza kufanana nayo. Hapo kinafaa kitabu cha Ishihara, daktari wa Japani aliyekitoa mwaka 1917: kurasa za vitone vya rangi vinavyoficha tarakimu. Ziba jicho moja, soma. Ziba la pili, soma tena. Aliyezaliwa na upofu wa rangi kwa kawaida hukosea sawasawa kwa macho yote, miaka nenda rudi. Anayebadilika kati ya mwezi huu na uliopita huenda ana ugonjwa.

Kitabu hiki kina mpaka wake: glakoma na kisukari huvuruga zaidi buluu na njano, na rangi hizo hakizipimi.

Hata hivyo, kila kliniki ya kifua kikuu ingepaswa kuwa nacho, na mgonjwa apimwe kabla ya kidonge cha kwanza ili pawe na cha kulinganisha. Akisema rangi zimebadilika, asiambiwe amechoka tu. Daktari amwone siku hiyohiyo, kwani dawa ikisimamishwa mapema wengi hurejewa na uoni wao. Ikichelewa kusimamishwa, baadhi hawaupati tena.