Ukingo wa Rangi Unaolinda Leja

Mada iliyotolewa kwa wafanyakazi wa masjala na maktaba za kaunti



Leja nyingi za kale zilizojalidiwa Uingereza zina kingo zenye madoa na mawimbi ya rangi, mfano wa jiwe la marumaru. Wengi hudhani ni pambo tu. Ukingo huo ulikuwa pia mlinzi.

Waturuki huiita sanaa hii ebru, na UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2014. Fundi hujaza sinia maji yaliyotiwa utomvu yakawa mazito. Hudondosha rangi zilizochanganywa na nyongo ya ng'ombe, nazo hutandaa juu ya maji. Zikiachwa zilivyodondoka, hutokea mtindo wa mawe uitwao battal. Zikipitishwa kitana chembamba, hutokea safu za mawimbi madogo. Mitindo mingine hufanana na manyoya ya tausi. Kisha karatasi iliyopakwa shabu hulazwa juu, ikainuliwa na rangi zake. Hakuna mbili zinazofanana kabisa.

Ndiyo sababu mafundi walichovya hata kingo za leja. Karani akichomoa ukurasa, mchoro hukatika, na hila huonekana kitabu kingali kimefungwa. Mwaka 1775, noti ya dola 20 ya makoloni ya Marekani ilichapishwa kwenye karatasi yenye ukingo wa aina hiyo ili kuwazuia waghushi. Karatasi hiyo ilitolewa na Benjamin Franklin.

Kaunti zilirithi vitabu vya mabaraza ya miji mwaka 2013. Mkikuta kitabu chenye ukingo wa rangi, zingatieni haya:

• Msikate kingo ili kuzinyoosha.
• Msibandike utepe wa gundi.
• Pigeni picha kingo zote tatu kabla ya kitabu kupelekwa kujalidiwa upya.
• Mchoro ukiwa umekatika, andikeni ulipokatika na mmjulishe msimamizi.

Aidha, Sheria ya Nyaraka za Umma na Huduma ya Uhifadhi wa Kumbukumbu, Sura ya 19, inakataza kuharibu kumbukumbu za umma bila idhini.

Mwananchi anayetafuta jina la babake kwenye rejista ya ploti za soko hana ushahidi mwingine ila ukurasa mmoja. Ukurasa ukitolewa na ukingo ukakatwa, hata wizi wenyewe hautajulikana.