Bukari Nayo Ni Mmea: Chakula na Usugu wa Insulini Mjini Likasi



Mwambie mgonjwa wa sukari wa Kikula au Panda, hapa Likasi, ale chakula cha mimea, atakujibu kwamba ndicho alichokula tangu utoto. Na hasemi uongo. Bukari, yaani ugali, ni mahindi, sombe ni majani ya muhogo, hata sukari ya chai imetoka kwenye muwa. Ushauri ulioandikwa kwa walaji nyama wa Ulaya haufai kusomwa hapa kama ulivyo. Swali letu ni mmea gani, umesagwaje, na kiasi gani.

Kazi ya insulini ni kuiamuru misuli ipokee sukari kutoka damuni, na ini liache kumwaga nyingine. Mafuta yakijilundika ndani ya seli za misuli na ini, amri hiyo haitiiwi; huo ndio usugu wa insulini. Kongosho huongeza insulini mpaka linachoka, ndipo sukari hupanda. Mwaka 1936 Harold Himsworth wa London alionyesha kwamba wapo wagonjwa ambao miili yao haiitikii insulini ipasavyo.

Hugh Trowell, daktari aliyeanza kazi Kenya mwaka 1929 kisha akahamia Uganda, alikuta kisukari ni nadra vijijini. Mwaka 1975, yeye na Denis Burkitt walihariri kitabu kilichoshutumu vyakula vya wanga vilivyokobolewa. Kwa maoni yangu waliona nusu ya jambo, maana wanakijiji wale walishinda pia na jembe mkononi. Lakini nusu hiyo inatuhusu sana.

Katanga yetu hutegemea mno unga wa mahindi wa Zambia unaopitia mpaka wa Kasumbalesa. Kuna roller na kuna breakfast. Breakfast ndiyo nyeupe na laini, iliyoondolewa pumba na kiini cha punje, na ndiyo anayopikiwa mgeni wa heshima. Roller imebaki na nyuzinyuzi zaidi. Hata hivyo, kubadili mfuko peke yake hakutoshi ikiwa donge bado linajaza sahani na mboga imewekwa pembeni kama kitoweo cha kuonja. Nusu ya sahani iwe lengalenga, matembele au kabichi, robo iwe maharagi, na bukari ibaki na robo yake. Nyuzinyuzi za maharagi hupunguza kasi ya sukari kuingia damuni, na mlaji hushiba mapema.

Sombe ina neno lake. Itwangwe na kuchemshwa sana ili sumu itoke, hilo kila mama analijua. Tatizo ni mafuta ya mawese, tunayoyamimina ndani yake bila kupima. Huko Uppsala, Sweden, utafiti uliotolewa 2014 uliwalisha vijana 39 keki za ziada kwa wiki 7, wengine za mawese, wengine za alizeti. Uzito uliongezeka sawa, lakini ini la waliokula mawese lilijaa mafuta zaidi. Sombe ya karanga, mafuta yakiwa kidogo, ni tamu vilevile.

Kwa wauguzi: anayetumia insulini au glibenklamidi asipunguze bukari ghafla bila kupimwa. Dozi ikibaki ileile, sukari yaweza kushuka mno usiku. Apimwe asubuhi kabla ya kula, na daktari arekebishe dawa kwanza.