Kijana Anayevuka Mpaka Usiku



Leo tunasema juu ya vijana wetu wanaovuka mpaka. Kati ya Goma na Gisenyi, kati ya Bukavu na Rusizi, kati ya Uvira na Bujumbura, watu wamevuka tangu zamani kwa kutafuta maisha. Kuvuka si kosa. Hatari inaanza pale kijana asiye na kitambulisho, ambaye vita imemtoa shuleni na shambani, anapopita njia za panya usiku na mzigo wa mtu mwingine. Huko ananyang'anywa na kupigwa. Msichana anaambiwa alipe kwa mwili wake. Mvulana anakunywa kanyanga aondoe woga, kisha anamfuata mtu anayemwahidi pesa na bunduki.

Ninyi wazazi mulio kambini, kijana huyo akirudi, munampokea namna gani? Wengi tunamtukana: malaya, maibobo. Naye ananyamaza. Kunyamaza kule kunaweza kumwua. Maana aliyebakwa, au aliyelala na mtu bila kinga, iko dawa inayoweza kumkinga na virusi vya ukimwi. Lazima aianze mbele ya saa 72 kupita, tena mapema iwezekanavyo, na aimeze siku 28. Saa 72 ni siku tatu tu. Tukizimaliza kwa matusi, nafasi imepita. Mpeleke kwenye kituo cha afya kwanza. Maneno mengine yatangoja.

Nanyi mashefu wa mitaa na wakubwa wa kambi, mujue sheria. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri miaka 14 ya kifungo, kwa kuingiza vitani watoto wasiotimiza miaka 15. Sheria ya Congo ya mwaka 2009 inakataza kumwingiza yeyote asiyetimiza miaka 18 katika jeshi au kikundi cha silaha. Basi mtoto aliyetoroka huko musimwite mwasi. Ametendewa uovu, apokelewe.

Tena muwaite vijana katika vikao vyenu. Muwasaidie kupata karatasi zao. Muwaingize katika likelemba, hata kwa fedha kidogo, wapate mtaji wa kuvuka mchana, kwa njia ya wazi.

Kijana mwenye mtu wa kumwambia ukweli nyumbani hatafuti ndugu porini.

Kaeni na amani.