Kutafuta Mahali Njia Ilipofungika



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu, nayo ni kutunza mitandao midogo ya kompyuta. Mtandao mdogo ni kompyuta 20 au 30, swichi moja au mbili za kuziunganisha, na ruta moja, yaani mashine ya njia panda inayosoma anwani ya kila pakiti ya habari na kuielekeza inakokwenda. Kwa mtu wa Tabora jambo hili si geni. Misafara kutoka Bagamoyo ilitembea miezi 3 hivi kufika hapa Unyanyembe, na hapa njia ziligawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Njia hizo zilibeba pembe za ndovu na nguo, na kwa masikitiko yetu zilibeba pia watu waliotekwa. Reli nayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kisha tawi la Mwanza, linaloanzia hapa hapa, likakamilika mwaka 1928. Sisi tumelelewa kwenye njia panda.

Mnaosoma historia mnajua kwamba mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aliifunga njia ya Ujiji baada ya kugombana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe. Mwezi Agosti walimwendea kwa vita wakashindwa, naye akaja akaupiga mji wa Tabora wenyewe. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikuwa amekwama Kwihara. Mwezi Septemba aliondoka, lakini hakurudi pwani, wala hakuing'ang'ania njia iliyofungwa. Alizunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, akavuka mto Malagarasi, akafika Ujiji mwezi Novemba. Njia ile ilikuwa ndefu, lakini ilipitika. Aliweza kuichagua kwa sababu alijua ni wapi hasa pamefungwa. Kama angeambiwa tu kwamba "njia ni mbaya", habari hiyo isingemsaidia kitu.

Ndugu zangu, watu wengi wanaoniita huniambia hivyo hivyo: "Mtandao ni mbaya." Kwa neno hilo moja fedha nyingi hupotea.

Nitoe mfano. Shule moja, ambayo sitaitaja, ilinunua kompyuta kwa ajili ya darasa. Baada ya muda baadhi zikawa hazitoki nje ya shule. Jana ilikuwa hii na ile, leo ni nyingine. Mwenye kuuza huduma alishauri wanunue intaneti yenye kasi kubwa zaidi, na Mkuu wa Shule alikuwa karibu kutia sahihi. Fedha ambazo zingelipa ni zile zilizotengwa kwa dawa na vyombo vya maabara ya kemia. Nikaomba nipewe asubuhi moja.

Kazi yenyewe haina uganga. Ni kuuliza kituo kwa kituo, kuanzia karibu kwenda mbali. Swali la kwanza: kompyuta hii imepewa anwani gani, na imeambiwa lango la kutokea ni lipi? La pili: je, lango linaitika? Hapo tunatumia amri ya pingi, iliyotungwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983. Amri hiyo hupeleka pakiti ndogo na kungoja jibu, kisha husema jibu limechukua muda gani. La tatu: je, anwani ya namba iliyoko nje inaitika? La nne: je, na jina linaitika? Namba ikiitika na jina likakataa, njia ni nzima. Kilichoharibika ni daftari la kugeuza majina kuwa namba.

Njia ikikatika mbali, iko amri ya kufuatilia njia. Kila pakiti husafiri na hesabu ya vituo inavyoruhusiwa kupita, na kila ruta hupunguza 1. Hesabu ikiisha, ruta huitupa pakiti na kwa kawaida humpa habari aliyeituma. Basi tunapeleka pakiti yenye ruhusa ya kituo 1, kisha 2, kisha 3, mpaka tuone habari zinakomea wapi. Lakini angalieni: ziko ruta zilizoamriwa zisijibu. Kituo kikinyamaza na kile cha mbele yake kikajibu, msikilaumu; njia inapitika.

Tena msichanganye njia iliyofungwa na njia iliyosongamana. Pingi ikirudi usiku kwa milisekunde 40 na saa nne asubuhi kwa 900, njia ipo ila imejaa. Mnajua reli yetu ya kati ni ya njia moja: treni moja hungoja stesheni ili nyingine ipite. Pakiti nazo hungoja foleni ndani ya ruta, ila foleni ikijaa, zinazozidi hutupwa, nazo hapana budi zitumwe upya. Kabla ya kununua njia pana, tazameni nani anaijaza. Mara nyingi ni kompyuta chache zinazovuta programu mpya saa za kazi. Ziamriwe zifanye hivyo usiku.

Turudi kwenye shule ile. Swali la kwanza tu lilitosha. Kompyuta zilizokuwa zikitoka nje zilikuwa na anwani za aina moja, na zilizokwama zilikuwa na za aina nyingine, tena zikitaja lango lingine kabisa. Nilifuata waya hadi ofisi ya walimu, nikakuta ruta ndogo iliyoletwa kwa nia njema ili simu zipate mtandao usio na waya. Hiyo nayo ilikuwa ikigawa anwani na kujitangaza kuwa ndiyo lango, hali haina njia ya kwenda nje. Kompyuta hufuata aliyewahi kujibu. Ilikuwa kama msafara wenye virangozi wawili, mmoja anajua njia na mwingine hajui, na wapagazi wanamfuata aliyeanza kupiga ngoma. Nilizima ugawaji wa anwani katika ruta ile, nikaiacha ihudumie simu. Kompyuta zikawashwa upya, zote zikatoka. Kasi kubwa isingebadili chochote, maana zile zilizokwama hazikuwa zikiifikia njia yenyewe. Mkataba haukutiwa sahihi, na maabara ikapata vifaa vyake.

Vijana, siku hizi waya wa chini ya bahari unafika Dar es Salaam, na shule nyingi zaidi zitapata mtandao. Zitahitaji mtu mwenye daftari. Andikeni ndani yake kila kompyuta na anwani yake, kila waya unakotoka na unakokwenda, na pingi ya siku ambayo kila kitu kilikuwa kizima, ili siku ya taabu muwe na cha kulinganisha. Na mtu akiwaambia mtandao ni mbaya, mwulizeni kwa adabu: mbaya kuanzia kituo gani?