Sikukuu za Majira ya Machipuko, na Pasaka Yetu ya Masika



Tumeombwa tuseme habari za sikukuu ambazo mataifa huzifanya katika majira ya machipuko. Huenda mtu akauliza: machipuko yatuhusu nini sisi wa bonde la Kilombero, tusiojua theluji wala miti iliyokauka kwa baridi? Swali hilo ni jema, kwa maana lagusa mafundisho tunayowapa watoto kila mwaka ifikapo Pasaka. Katika vitabu vingi vya picha Pasaka huonyeshwa kwa maua, vifaranga na sungura wa Ulaya. Mtoto wa Ifakara akiinua macho kutoka katika kitabu hicho huona mvua na tope, na mto Lumemo umejaa.

Kwanza tutazame jua na mwezi. Kila mwaka, tarehe 20 Machi au karibu yake, mchana na usiku hulingana. Kwa watu wa kaskazini siku hiyo ni mwisho wa baridi: toka hapo mchana hushinda usiku, nyasi huota, kondoo huzaa. Basi si ajabu kwamba mataifa mengi yameweka sikukuu zao hapo. Waajemi huanza mwaka wao mpya, Nairuzi, siku iyo hiyo. Wahindi huwa na Holi, mwezi unapokuwa mpevu, katika Februari au Machi, wakirushiana unga wa rangi hata mkubwa na mdogo wasitambulikane. Wachina, tarehe 4 au 5 Aprili, huenda kusafisha makaburi ya wazee wao, na siku hiyo huiita Qingming. Sisi tulio kando ya reli ya TAZARA yatufaa kuijua siku hiyo, maana baadhi ya Wachina waliofariki katika kazi ya reli ile, iliyojengwa tangu 1970 hata 1975, wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na wenzao huenda huko wakati wa Qingming kuwawekea maua.

Sasa tuje kwenye Pasaka. Wayahudi waliiadhimisha katika mwezi wa Nisani, mwezi ulipokuwa mpevu. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, ulitaka Wakristo wote waiadhimishe siku moja, nayo kanuni tuifuatayo ndiyo hii: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo Pasaka haitangulii 22 Machi, wala haipiti 25 Aprili. Mwaka 2025, uliokuwa mwaka wa Yubile ya Kanisa zima na wa 1,700 tangu mtaguso ule, mwezi ulipevuka Jumapili tarehe 13 Aprili, ndipo Pasaka ikawa Jumapili iliyofuata, tarehe 20. Mwaka huo hata Waorthodoksi, pamoja na Waethiopia wafungao siku 55 kabla ya Fasika yao, waliadhimisha siku ile ile. Mwaka 2026 tarehe zikaachana tena, yetu 5 Aprili, yao 12 Aprili, kwa sababu wao hufuata hesabu ya kalenda ya zamani, nasi ile iliyosahihishwa na Papa Gregori XIII mwaka 1582.

Hesabu hizi huwachosha wanafunzi, twajua. Lakini tazameni yaliyoipata Nairuzi ya pwani yetu. Waswahili waliipokea kwa Waajemi, nao mwaka wake una siku 365 tu, pasipo siku moja ya kuongezwa kila mwaka wa nne. Basi ikawa ikirudi nyuma kidogo kidogo. Leo watu wa Makunduchi, Unguja, hufanya Mwaka Kogwa katika Julai, wakipigana kwa migomba na kuchoma kibanda, miezi minne mbali na majira ilikotoka. Hata hivyo ni sikukuu yao kabisa, wala hakuna awezaye kuwaambia wameiazima. Nairuzi imehama majira. Pasaka imehama nchi.

Tena, hata kule ilikoanza, Pasaka haikuwa sikukuu ya maua. Kitabu cha Kutoka chautaja mwezi wake kuwa Abibu, yaani mwezi wa masuke mabichi, nayo masuke hayo ni ya shayiri. Walawi, sura ya 23, chaagiza mganda wa kwanza wa mavuno upelekwe kwa kuhani. Je, bondeni kwetu katika Aprili kuna nini? Kuna mpunga uliopandwa tangu Desemba hata Februari: mwingine umebeba mimba, mwingine umekwisha kutoa masuke. Twaona basi kwamba mkulima wa Kilombero yu karibu zaidi na Pasaka ile ya kwanza kuliko mchoraji wa sungura. Mwalimu aache picha zile, aende darasani na suke moja la mpunga mkononi.

Na maji nayo. Katika kesha la Pasaka, ambalo tangu 1951 Papa Pio XII aliruhusu lirudishwe usiku badala ya Jumamosi asubuhi, Kanisa hubariki maji na kusoma habari za Bahari ya Shamu, maji yaliyowaokoa hawa na kuwaangamiza wale. Hapa kwetu hatuhitaji maelezo mengi. Bonde lenye eneo la karibu kilomita za mraba 8,000 hufurika, samaki huingia majanini kutaga mayai, tope hulisha mashamba. Na maji hayo hayo huua. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa 31 Machi, Idi el Fitri ikafuata tarehe 10 Aprili, na katika masika ile mafuriko yaliyapata mabonde ya Kilombero na Rufiji. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kwa mvua zile. Maji hayakuuliza nyumba ni ya nani, ya Mkristo au ya Mwislamu.

Hapa ndipo penye neno letu kwa walimu hasa. Siku ya Pasaka mabenchi ya vigango vingi huwa na nafasi, na husikika maneno makali juu ya wasiokuja. Hatukubaliani na maneno hayo. Jamaa nyingi huhamia mashambani masika nzima, wakilala katika madungu, mbali na zahanati na shule, na mpunga ukitoa masuke hawawezi kuuacha hata nusu siku. Wasipoamia ndege, chakula cha mwaka kimekwisha. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018, mto mkubwa haumzuii tena mtu wa Ulanga kufika Ifakara, lakini daraja halifiki kwenye madungu. Anayekaa huko na watoto na kelele za ndege hakuidharau sikukuu. Kama hawezi kuijia, na iendewe kwake: mwalimu apande mtumbwi katika juma la Pasaka, awasomee Injili pale pale shambani, awaandike watoto wasiobatizwa, amwarifu Padre ni wangapi na wako wapi.

Pasaka ya mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi, na ya mwaka 2028 ni tarehe 16 Aprili. Walimu wa vigango vya bondeni waziandike sasa, maana ile ya kwanza itawakuta watu wengi wakipalilia, na ile ya pili itawakuta juu ya madungu.